Wastani wa Saa za Usiku

Mwende, na nyinyi wenzake mnaokalia sasa viti vyetu, mliniomba niandike kitu kabla sijasahau. Niliwajibu nimechoka, mkacheka, mkadhani ni adabu ya kizee. Si adabu. Nimechoka kweli, mabega na macho, na zaidi ya yote nimechoka kuulizwa na watu kwenye harusi, "Kwani wewe kazi yako ilikuwa nini hasa?" Nilikuwa natafuta wastani. Nikisema hivyo mtu anageukia sahani yake.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiswidi nimeandika ripoti maisha yangu yote, na najua zilisomwa na nani: aliyeziandika na aliyezisahihisha. Hii angalau Papa Kasereka, mkubwa wa wahojaji wetu wa Kiswahili, ataisoma, na atanikosoa. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Mshahara ulikuja kila mwezi, ukaondoka kila mwezi, hakuna hadithi hapo.

Nilikuja Stockholm nikiwa mke wa mwanafunzi. Kwetu Voi nilikuwa nafundisha hesabu sekondari, na nilikuwa na sauti ya kufika dawati la nyuma. Sauti hiyo ndiyo iliyonipa kazi hapa. Kampuni moja ndogo ya utafiti ilitaka watu wa kupiga simu jioni na kuuliza maswali, na aliyenihoji alisema wazi wanataka mtu asiyelia akitukanwa. Nikasema mimi silii. Kiswidi changu wakati huo kilikuwa cha kununulia mkate. Siku ya kwanza nikavishwa hedifoni, nikapewa karatasi ya maswali, nikapiga. Akapokea mzee mmoja. Nikamsomea polepole kwamba amechaguliwa kwa bahati nasibu ili tujue wastani wa mambo fulani kwa wakazi wote. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi si mtu wa wastani," akakata.

Nyuma yangu mtu akacheka. Ndipo nikamwona Gunnar, mzee mrefu wa Kiswidi, suruali imeshikiliwa na kanda za mabegani, penseli sikioni kama fundi seremala. Yeye ndiye alikuwa mkadiriaji wetu: sisi tulileta majibu, yeye akayageuza kuwa namba moja. "Wote husema hivyo," akaniambia. "Wajumlishe hao wote wasio wa wastani, ugawanye, utapata wastani." Alipojua nimefundisha hesabu alinitoa kwenye simu akaniketisha karibu naye. Hakuniuliza kama nataka. Wazee wa hapa hawabembelezi, sawasawa na wa kwetu.

Vifaa vyetu vilikuwa kalkuleta iliyotema karatasi ndefu, mashine ya kahawa iliyokohoa kuliko mvutaji sigara, na penseli alizochonga Gunnar kwa kisu cha mfukoni. Kompyuta ilikuwepo, ila ilikuwa ya kupangia foleni. Nyinyi leo mnabonyeza na kusubiri kidogo, halafu mnalalamika. Haya, lalamikeni, ni zamu yenu.

Kila kitabu cha fani yetu kinaanza na mchuzi: eti huhitaji kumaliza sufuria ili kujua chumvi, kijiko kimoja chatosha. Mchuzi huo nimeula mpaka nimeukinai. Watu si mchuzi. Mchuzi hauchagui kupokea simu. Wazee hupokea, vijana hawapokei. Aliye nyumbani hupokea, aliye kazini hapokei. Kwa hiyo kijiko chako kinakuja kimejaa wastaafu wenye hamu ya kuongea. Hapo ndipo unapoita msaada. Nchi hii ina daftari la wakazi linalojua umri wako, mtaa wako, watoto wako na mwajiri wako. Ukiona vijana mtaani ni wengi lakini kwenye sampuli yako ni wachache, kila kijana aliyejibu unampa uzito zaidi, asemee na wale waliozima simu. Hizo ndizo taarifa saidizi. Gunnar alizipenda, ila kila mara aliniuliza swali lilelile, hata siku ambayo tayari tumevaa makoti twende nyumbani: "Huyu msaidizi wako anajua nini?"

Nilimwona mwenye kuchosha, mpaka tulipotafuta wastani wa muda ambao watu hutumia kwenda kazini. Daftari lilisema bwana fulani anaishi mjini na anafanya kazi Södertälje, basi ana mwendo mrefu wa treni. Yeye kwenye simu akasema anatembea kwa miguu, dakika chache tu. Nikamweka kwenye wanaodanganya. Gunnar akanirudisha nimpigie tena. Kumbe bwana alikuwa amehamia kwa mpenzi wake huko huko Södertälje tangu theluji iyeyuke, na hajamwambia mtu, mkewe akiwa wa kwanza kati ya wasioambiwa. "Daftari linajua anwani," Gunnar akasema, "mapenzi haliyajui." Akachonga penseli. Alistaafu baadaye, akafa mapema, na mpaka leo nikiona namba imenyooka sana namsikia akiniuliza msaidizi wangu anajua nini.

Kazi iliyonizeesha mimi ni ile ya kurudia. Uchunguzi wa mara moja una mwisho wake. Unapiga, unakadiria, unakunywa kahawa. Wa kurudia hauishi. Kila msimu unapiga tena. Sehemu ya kaya ni zile ulizozipigia msimu uliopita, na sehemu ni mpya, zinazoingia kuchukua nafasi ya zilizomaliza zamu yao. Mbona msichague wapya kila mara, watu huuliza. Mama zetu kliniki walijua jibu. Ukitaka kujua kama watoto wa kijiji wananenepa, humpimi Juma mwezi huu na Ali mwezi ujao. Unampima Juma, halafu unampima Juma tena. Wale waliorudiwa wanakuambia mabadiliko, wapya wanakuzuia usizame kwa watu walewale waliokuzoea. Mwenye akili anachanganya vyote viwili. Hilo ndilo jambo zima, na limenila macho.

Sasa nifike kwenye saa za usiku, maana najua ndizo mnazozitaka.

Manispaa moja ya kusini mwa jiji ilikuwa na chekechea ya usiku. Wazazi wanaofanya kazi usiku wanaleta watoto jioni, watoto wanalala pale, asubuhi wanachukuliwa. Manispaa siitaji, nilikula kiapo. Nakiri ndiyo ninayoishi. Nilimwambia meneja wetu Lena, akaniuliza kama nina watoto wadogo, nikasema wangu wana mvi, akasema basi endelea. Madiwani walitaka kujua wastani wa saa za usiku ambazo wazazi wa watoto wadogo katika mitaa ile hufanya kazi kwa wiki. Waliweka kiwango. Siku ya kuamua ikifika, wastani ukiwa chini ya kiwango, chekechea inafungwa. Kwa hiyo mara hii namba yangu ilikuwa na vitanda vya watoto ndani yake.

Na mmoja wa waliokuwa na watoto kwenye vitanda hivyo nilimjua. Tunasali pamoja Tumba, kwenye ukumbi wa kukodi, Wakongo mbele na ngoma zao, sisi Wakenya nyuma tunaangalia saa. Mama Furaha ni mtu wa Uvira. Anasafisha ofisi Kista, anaanza wenye ofisi wakiondoka na anamaliza kabla hawajarudi. Watoto wake wawili, Furaha na mdogo wake, analea peke yake. Jumapili moja wakati wa chai alinisogelea.

"Mama Wakesho, weye unafanya kazi ya mahesabu. Ni kweli watafunga pale watoto wanalala?"

"Sijui, mama. Wanaoamua ni madiwani."

"Wakifunga, miye nitafanya aje? Niache kazi, ao niache watoto peke yao mu nyumba?"

Nilimwongezea sukari kwenye chai wakati hakuiomba. Kama yeye alikuwa kwenye sampuli yetu au la, sikujua na sikutaka kujua; majina yalikaa kwa wengine, mimi niliona namba tu. Lakini tangu siku hiyo, jamani, kila nikifungua namba zile nilimwona ameshika kikombe.

Mitaa ile ina watu wetu wengi, hivyo kampuni iliunda kundi la wahojaji wa Kiswahili, pamoja na wale wa lugha nyingine. Mkubwa wa kundi letu alikuwa Papa Kasereka wa Butembo, mzee wa kanisa, anayeishi Södertälje na kuja kila siku kwa treni amevaa tai. Mnamjua. Hakuna aliyemkatia simu hata siku moja. Sauti yake ukiisikia unatafuta kiti ukae.

Na wewe Mwende ndipo ulipoingia, na diploma zako, na Kiswahili chako kinachochechemea, na hamu ya kufanya mambo vizuri ambayo ilinichosha kuitazama. Njia yangu ya zamani ilikuwa rahisi: chukua majibu ya msimu huu, yape uzito kwa daftari, toa wastani. Wastani ukatoka chini ya kiwango, msimu baada ya msimu. Wewe ukaja na njia bora zaidi. Nasema bora bila kinyongo, hata Gunnar angeipenda. Unachukua makadirio ya msimu uliopita, unaongeza mabadiliko uliyoyaona kwa wale waliorudiwa, unachanganya na wapya. Namba ya leo inarithi ya jana. Ukaiendesha, na saa za usiku zikaanza kupanda. Msimu wa kwanza kidogo, wa pili zaidi, wa tatu zikavuka kiwango.

Ulikuja mbio mezani kwangu. "Anti! Imevuka! Hawataweza kufunga!"

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikatafuta keki ya jana jikoni tukala. Nilimwona Mama Furaha anaacha kunishikia kikombe. Halafu nikakaa, nikasikia penseli inachongwa.

Maana nilijiuliza: wameanza kufanya kazi usiku zaidi kwa nini? Hakuna kiwanda kipya kilichofunguliwa, hakuna treni mpya. Nikakuomba utenganishe namba kwa lugha ya mahojiano. Ukatenganisha. Waliohojiwa kwa Kiswidi, hakuna kilichopanda. Kiarabu, hakuna. Kiswahili peke yake ndicho kilichopanda, na kilipanda kwa mtindo uleule kwa kila kaya: simu ya kwanza mtu hafanyi kazi usiku kabisa, ya pili anafanya kidogo, ya tatu anafanya wiki nzima. Kaya zilizoingia mwaka huu zilifanya hivyo, na zilizoingia mwaka jana zilifanya hivyohivyo.

"Labda wanapata kazi," ukasema.

"Wote? Kila mmoja baada ya kupigiwa simu ya tatu na Papa Kasereka? Basi tumtume Voi akawapigie vijana wa kwetu."

Hukucheka. Ulianza kuelewa, na uso wako ulibadilika. Maisha yao hayakubadilika, kilichobadilika ni majibu. Na njia yako, kwa uzuri wake wote, iliyachukua mabadiliko yale ya mdomo ikayaita mabadiliko ya kazi, ikayarithisha msimu hadi msimu, ikawa inapanda ngazi ambayo haipo. Nikakuambia hatuwezi kuipeleka namba ile.

Ukanijia juu kwa Kiswidi, kama wanangu wanavyofanya jambo likiwauma. Kwamba najua kabisa namba ya zamani ni ya uongo pia. Kwamba nikiirudisha ile, chekechea inafungwa, na nitakuwa nimeifunga mimi na uaminifu wangu. "Unataka usafi wa mikono, anti, basi!" ukasema. Ulikuwa umesema kweli nusu. Ya juu ilikuwa ya uongo, ya chini ilikuwa ya uongo, na daftari la wakazi, msaidizi wetu mpendwa, halikuweza kutuamulia. Linajua una mwajiri. Halijui anakuita saa ngapi. Lilikuwa limetupa uzito sahihi wa watu waliotupa majibu yasiyo sahihi.

Nikaenda kwa Lena nikaomba msimu mmoja zaidi. Akaomba kwa manispaa, wakakubali kwa kununa. Jumapili iliyofuata Mama Furaha aliniuliza tena, nami nikajibu tena sijui, na nikaondoka kabla ya chai.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuvaa hedifoni, kitu nilichodhani nimeachana nacho ujanani, nikakaa kusikiliza simu za wahojaji wetu. Wanaopigiwa huambiwa kwamba mtu mwingine anaweza kusikiliza, msije mkaniripoti. Nikamsikiliza Papa Kasereka akipigia kaya mpya. Alianza kama mtu mwenye malezi anavyoanza. Habari ya nyumbani? Muzuri. Watoto hawajambo? Hawajambo. Kazi inaenda? Inaenda, tunashukuru Mungu. Na mulilala salama? Tulilala salama kabisa, Papa. Kisha karatasi zikachakarishwa, sauti ikawa ya kiofisi: wiki iliyopita, ulifanya kazi usiku saa ngapi?

"Hapana, Papa. Usiku tunalala."

Nilivua hedifoni nikaweka mezani, nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Mtu ametoka kumwambia mzee wa watu, kwa heshima zote, kwamba amelala salama. Sasa amwambie tena, dakika hiyohiyo, kwamba hakulala hata kidogo, alikuwa anasugua sakafu? Amfanye nini mzee, amwaibishe? Kwetu ukiulizwa umelalaje unajibu salama hata kama nyumba iliungua. Habari ya moto inakuja baadaye, mkishakaa. Salamu si swali. Ila sisi tuliiweka mlangoni mwa swali, na mtu mwenye adabu hawezi kujikanusha. Wahojaji wa Kiarabu salamu zao haziulizi usingizi, na wa Kiswidi wao hujitaja jina na kurukia maswali kama polisi, na hapo ndipo ukavu wao ukawasaidia.

Nikasikiliza simu za tatu. Salamu zilikuwa zimepungua kwa sababu watu wamezoeana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mmoja alipokea akapiga miayo, akasema hata kabla hajaulizwa, "Papa, harakisha, ndiyo natoka kazini, macho yananiuma." Jembe hilo sasa. Aliandikisha saa zake zote.

Kumweleza Papa Kasereka ilikuwa kazi nyingine. Nilimwita kwenye fika, ile kahawa ya ofisini ambapo Waswidi huambiana mambo mabaya kwa upole. Nikamwambia jaribu kuuliza kazi kwanza, salamu zije baadaye. Akaweka kikombe chini.

"Mama Wakesho. Miye nimuulize mutu kazi mbele ya kumusalimia? Mutu ambaye sijamuona? Hapana. Pole sana. Andika kama Kasereka amekataa."

"Papa, salamu zako zinawanyima watu nafasi ya kusema kweli."

"Salamu zangu!" Alisimama. "Salamu zangu ndizo zinafanya watu wanapokea telefone. Ondoa salamu, utabaki na wastani wa watu wasiojibu."

Na hapo alikuwa sahihi, mzee yule, nami nilikuwa nimechoka sana kubishana na mtu aliye sahihi. Wewe Mwende ndiwe uliyeuliza, kwa Kiswahili chako cha kuokoteza, kama hakuna salamu nyingine, isiyouliza usingizi. Papa Kasereka akakuangalia kama mtoto aliyesema neno kubwa mezani. Akafikiri. Akasema kwao, ukikutana na mtu njiani, unaweza kumuuliza unatoka wapi au unaenda wapi, na hiyo ni salamu kamili, haina lawama.

"Basi," akasema, akaijaribu mdomoni, "unatoka ku kazi, ao unaenda?"

Tulifanya hivi: kaya mpya za msimu ule tukazigawa kwa kura, nusu zisalimiwe kama zamani, nusu zisalimiwe kwa unatoka au unaenda, bila mtu kuulizwa alivyolala. Wahojaji walewale, maswali yaleyale. Mimi na wewe hatukugusa chochote, tulisubiri tu. Kusubiri ndiko kulikonichosha kuliko kukadiria. Kanisani nilianza kukaa karibu na mlango.

Majibu yakaja. Nusu ya kwanza walilala salama, kama kawaida yao. Nusu ya pili, kwenye simu ya kwanza kabisa, walisema yale ambayo wengine walihitaji simu tatu kuyasema. Kwa hiyo saa za usiku hazikuwa chache, na hazikuwa zimepanda. Zilikuwepo muda wote, zimetulia, watu wakizifanya na kunyamaza. Sasa tukajua simu ya kwanza inapungukiwa kiasi gani. Tukarudi nyuma tukarekebisha misimu yote, tukatumia njia yako ya kurithi juu ya majibu yaliyosafishwa, na daftari likabaki na kazi yake ya uzito tu. Mstari ukalala karibu sawa, juu kidogo ya kiwango. Kidogo sana. Shaka yake, yaani kiasi tunachoweza kuwa tumekosea, ukiichora inagusa kiwango.

Kwenye kikao na manispaa niliwaonyesha mstari na shaka yake. Diwani mmoja akanikatiza. "Tafadhali, ndiyo au hapana?" Nikamwambia mimi sitoi ndiyo, natoa wastani na mahali ninapoweza kuwa nimekosea. Akamwangalia mwenzake. Nilikuwa nimevaa koti langu la kikao, mgongo umelowa jasho, na nilitaka kupiga meza niseme kuna mama ana watoto wawili pale. Sikusema. Ningesema, namba yangu isingekuwa namba tena, ingekuwa ombi. Walipiga kura, chekechea ikabaki. Jumapili Mama Furaha aliimba mpaka sauti ikakauka, na mimi nikapiga makofi kama mtu asiyejua lolote.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Mlinipa maua na mkoba wa kusafiria, sijui mlitaka niende wapi. Baba watoto alishatangulia kwa Mungu. Watoto wananipigia Jumapili, mimi nasema Kiswahili, wao wanajibu Kiswidi, tunaelewana kwa kukisia. Wananiuliza nimelalaje. Najibu salama. Mwende, na wewe uliniuliza uliponipigia, na nikakujibu salama, na nilikuwa sijafumba jicho. Usingizi ulikataa tangu nilipoacha kazi. Kichwa kilichozoea kubeba kaya za watu hakikubali kubeba kaya moja yenye mtu mmoja.

Asubuhi moja ya baridi, kiza bado hakijaondoka, nilishindwa kukaa kitandani, nikavaa nikaenda kituo cha treni. Sikuwa na safari. Miguu ilijua njia, nikaifuata, nikakaa kwenye benchi. Treni ya kutoka mjini ikateremsha watu. Mama Furaha alikuwa kati yao, na jaketi la kampuni, ananukia sabuni ya sakafu. Aliniona, akaja moja kwa moja. Nami neno langu nilikuwa nalo tayari mdomoni.

"Mama Wakesho! Unatoka ku kazi, ao unaenda?"

Sikumuuliza salamu hiyo kaitoa wapi. Nilikula kiapo. Ila ile salama yangu haikuwa na swali la kujibu, ikabaki mdomoni.

"Sitoki, siendi," nikamwambia. "Sikulala, mama. Silali siku hizi." Na nikalia, pale kwenye benchi, mbele ya abiria, mimi niliyeajiriwa kwa sababu silii.

Hakunipa pole nyingi. Alihamisha mfuko wake bega la pili, akanishika mkono akaninyanyua. "Twende," akasema. "Tuchukue watoto."

Miaka yote ile ya kuikadiria chekechea ile nilikuwa sijawahi kuingia ndani. Kulikuwa na joto na harufu ya uji. Mwanamke wa Kiswidi alikuwa anavalisha watoto kwa sauti ya chini, na mama zao na baba zao wamesimama mlangoni na macho mekundu, wengine bado na funguo za kazi kiunoni. Mdogo wake Furaha alikuwa anatafuta soksi. Furaha mwenyewe alikaa kitandani, nywele zimesimama, akanitazama kuanzia viatu.

"Huyu naye amelala hapa?" akamuuliza mama yake kwa Kiswidi.

"Hapana. Bibi huyu hakulala."

Mtoto alifikiri kidogo. Akateremka, akafunua blanketi, akapapasa pale alipokuwa amelala kuona kama bado kuna joto. Kisha akaniambia kwa Kiswidi, polepole, kama mtu anavyosema na mgeni:

"Lala wewe. Mimi nimemaliza."